Foto ya njaa inauzwa. Mwenye njaa analipwa nini?

Mwaka wa 2008, mpiga sinema wa Uholanzi, Renzo Martens, alitoa filme yenye jina la kuchoma roho: « Enjoy Poverty », ni kusema « Furahieni umaskini ». Aliipigia hapa kwetu Kongo, akipita mashamba ya ngazi na vijiji, nyuma yake wabeba-mizigo wakiwa na masanduku. Kama zamani za Wabelgiji. Yeye anajua, wala haifichi.

Kuna kipande kimoja ambacho mtu hasahau. Martens anakutana na vijana wenye kazi ya kupiga foto za ndoa na za feti. Makuta wanayopata ni kidogo sana. Anawafanyia hesabu: foto ya vita ao ya mtoto mwenye kukonda, ile waandishi wa Ulaya wanayouza, inaleta makumi ya dola. Sasa ju ya nini ninyi wenyewe hamuuzi ile njaa? Si ni yenu?

Vijana wanajaribu. Wanatafuta watoto waliokonda kuliko wote, wanapiga. Kisha wanapeleka foto kwa shirika la waganga wa kigeni, na pale mlango unafungwa: haifai kutafuta feza katika mateso ya watu. Lakini waandishi wazungu, wao wanapita. Mwishoni Martens anawaambia vijana warudilie ndoa zao.

Wengi walimkasirikia, na wana haki, sababu aliwachezea wale vijana ili apate filme yake. Lakini hesabu yake haina kosa. Filme inasema umaskini ni mali ambayo Kongo inauza inje, na faida haibaki kwetu. Watu wa Kolwezi hawana lazima ya kufasiriwa hiyo.

Martens alirudi na filme nyingine, « White Cube », ya mwaka wa 2020. Safari hii tuko Lusanga, mu Kwilu, mji ulioitwa Leverville kwa jina la William Lever, Muingereza wa sabuni, ambaye kampani yake ilipewa mapori makubwa na Ubelgiji mwaka wa 1911. Watu wa mashamba wanachonga sanamu za udongo, zinatengenezwa tena kwa shokola kule Ulaya, zinauzwa, na ile feza inanunua udongo wa Lusanga. Ndiyo, wananunua udongo wa babu zao. Hata hivyo ni wao njo wanauza, na jina lao liko chini ya kazi.

Wale wachongaji walitafuta pia sanamu ya Balot, mzungu wa serkali aliyeuawa mwaka wa 1931, wakati Wapende waliasi ju ya kazi ya lazima ya ngazi. Wapende walimchonga ili roho yake isiwasumbue. Sanamu iko katika mizeyo ya Richmond, Marekani. Mwaka wa 2024 ilifika Lusanga, watu wakaiona kwa macho yao.

Ilikuja kwa mkopo.