Kabla hujamwita beki msaliti, tazama filamu hizi tatu

TIMU ikifungwa, kazi ya kwanza ya shabiki ni kutafuta wa kumbebesha mzigo. Dakika tano tu baada ya filimbi ya mwisho, pale kibanda umiza kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka. Kipa kauza mechi. Beki kala hela. Kocha hana mbinu, aondoke hata leo usiku. Washtakiwa wenyewe hawapo, wako kwenye basi la timu na mapazia yamefungwa.

Sasa ligi ikisimama na wikiendi ikawa haina mechi, kuna namna ya kuwasikiliza watu hawa. Kaa chini, tazama filamu.

Filamu za soka ni nyingi, na wengi tunaanzia Escape to Victory ya mwaka 1981, ile ya wafungwa wa vita wanaocheza na timu ya Wajerumani. Pele anapiga tikitaka hadi nyavuni, Bobby Moore yumo, Sylvester Stallone yuko golini na anadaka penalti, mechi inaisha 4-4. Raha tupu. Lakini mle kila mtu anatoka shujaa, na soka letu la kila wiki haliko hivyo.

Hizi tatu zinawageukia wale wanaobaki na lawama: kipa, kocha na beki.

KIPA: NEXT GOAL WINS (2014)

Aprili 11, 2001, Australia iliifunga Samoa ya Marekani mabao 31-0 katika kufuzu Kombe la Dunia. Siyo kikapu hiyo, ni soka. Archie Thompson peke yake alitupia 13.

Golini alisimama Nicky Salapu. Wengi tunaijua ile 31-0 kama kichekesho, ila mazingira yake hatuyajui. Matatizo ya hati za kusafiria yaliwaondoa karibu wachezaji wote wa kikosi cha kwanza, yeye akabaki. Mbele yake walipangwa vijana, wengine wa miaka 15.

Filamu hii haina mwigizaji, ni watu wenyewe na maisha yao. Inaifuata timu hiyo mwaka 2011, ikiwa mkiani kabisa kwenye viwango vya FIFA, wakati kocha Mholanzi, Thomas Rongen, anapewa wiki chache tu za kuinyoosha. Salapu anarudi golini akiwa bado ameibeba ile 31-0 mgongoni.

Novemba 22, 2011, wakaifunga Tonga 2-1, ushindi wao wa kwanza kabisa katika mechi inayotambuliwa na FIFA. Mtazame Salapu filimbi ya mwisho inapolia, halafu niambie kama utamcheka tena kipa aliyefungwa tano. Mwaka 2023 ilitoka nyingine ya kuigiza yenye jina hilohilo, lakini anza na hii.

KOCHA: THE DAMNED UNITED (2009)

Tunalalamika makocha wetu hawapewi muda. Brian Clough alipewa siku 44.

Ilikuwa mwaka 1974, Leeds United wakiwa mabingwa wa England. Don Revie ameondoka kwenda timu ya taifa, akaletwa Clough, mtu aliyekuwa akiwaponda Leeds hadharani kwa miaka. Hebu fikiria kocha anayeisema vibaya klabu yako kila siku, kesho anakabidhiwa benchi! Ligi alicheza mechi sita, akashinda moja. Kwaheri.

Michael Sheen ndiye anayeigiza Clough, na kazi aliyoifanya siyo mchezo. Kuna kipande cha nyuma, Clough akiwa bado Derby, ambapo Leeds wamekuja uwanjani kwake na yeye anashindwa kutoka kutazama. Amejifungia ndani, anasikiliza kelele za jukwaani ili ajue nani kafunga. Kocha tunayemwona pembeni ya uwanja amekunja mikono, kumbe ndani anatetemeka.

Tahadhari kidogo: hadithi imetoka kwenye riwaya ya David Peace, na familia ya Clough haikukipenda kitabu kile. Kwa hiyo usiichukue kila sentensi kama ushahidi. Lililo la kweli ni kilichofuata. Mtu yuleyule wa siku 44 alikwenda Nottingham Forest na kubeba Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980.

BEKI: THE TWO ESCOBARS (2010)

Hii iache ya mwisho, maana ukimaliza hutataka kutazama kingine.

Septemba 1993 Colombia iliichapa Argentina 5-0 palepale Buenos Aires. Dunia nzima ikawaona kama watu wa kubeba Kombe la Dunia 1994 kule Marekani. Wakaanza kwa kulala 3-1 mbele ya Romania. Mechi ya pili, Juni 22, dhidi ya wenyeji Marekani, beki Andres Escobar alijinyoosha kukata krosi, mpira ukamgonga na kuingia golini kwake. Wakafa 2-1, safari ikaishia makundi.

Siku kumi baadaye, Julai 2, alipigwa risasi mjini Medellin baada ya watu kumkejeli kwa lile bao. Alikuwa na miaka 27.

Filamu inaeleza jinsi pesa za dawa za kulevya za Pablo Escobar na wenzake zilivyoingia kwenye soka la Colombia. Wawili hao hawakuwa ndugu, walifanana jina tu. Kinachouma zaidi ni dada yake Andres akisimulia kuwa mwanawe mdogo, alipoona lile bao, alimwambia mama yake kwamba mjomba atauawa. Mtoto alijua. Watu wazima walidhani ni mpira tu.

Hapa kwetu hatujafika huko, na Mungu apishie mbali. Lakini ingia kwenye ukurasa wa mchezaji aliyejifunga kwenye dabi, soma anayoandikiwa, na mengine anaandikiwa mama yake.

Kubishana ni haki yetu, bila ubishi hakuna soka. Sema beki kakaa vibaya, sema kachelewa kugeuka, sema kocha kakosea kumtoa kiungo. Hayo tumeyaona wote. Ila "kauza mechi" ni tuhuma ya jinai. Kama huna ushahidi, meza mate, subiri mechi ijayo.