Burudani Bila Mwenyewe: Wajibu wa Mtazamaji katika Milima ya Upare

Malalamiko kwamba burudani imeporomoka yanasikika kote nchini Tanzania, na katika wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, yana sura zake mahususi. Mjini Same, ambako barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha inapita chini ya Milima ya Upare ya Kusini, kuna vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya video, na wengine wanaomaliza sarafu zao kwenye mashine za kamari ambazo mtaani huitwa dubwi. Huko juu milimani, kuanzia Chome na Mbaga hadi Mamba na Gonja, video fupi iliyorekodiwa Dar es Salaam asubuhi inaweza kutazamwa kwenye simu mchana uleule, na katika sherehe za harusi watoto wa shule ya msingi hucheza nyimbo zenye maneno ambayo wazazi wao wasingethubutu kuyatamka mbele ya wakwe. Wazee huwalaumu wasanii, wasanii hulilaumu soko, na viongozi huilaumu mitandao ya kijamii. Kila upande una sehemu yake ya ukweli, lakini kuna mhusika mmoja ambaye ni nadra kutajwa katika lawama hizo, naye ni mtazamaji, ambaye fedha zake, muda wake na ukimya wake ndivyo vinavyoamua ni kazi gani iendelee kutengenezwa.

Burudani, kwa maana inayotumika hapa, ni kazi au tendo lolote linalompumzisha mtu na kumfurahisha, iwe ngoma, wimbo, hadithi, filamu au mchezo wa mpira. Ubora wake una pande tatu: ufundi, yaani ustadi na bidii iliyowekwa katika kuitengeneza, maudhui, yaani yale yanayosemwa ndani yake, na athari, yaani kile kinachobaki kwa mtu baada ya kicheko au wimbo kwisha. Uzito wa mada si kipimo, kwa kuwa wimbo wa mapenzi unaweza kuwa kazi bora sana huku mchezo wa kuigiza unaohubiri maadili ukawa umetungwa ovyo. Uwajibikaji, kwa upande wake, ni hali ya mtu kuwa tayari kuulizwa juu ya tendo lake na kulitolea jibu, na swali la msingi ni nani leo anayeulizwa juu ya burudani inayoingia nyumbani.

Wakati burudani ilipokuwa na wenyewe

Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, ameeleza namna utawala wa Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, ulivyolifanya jando la msituni lililoitwa mshitu kuwa taasisi ya jamii nzima, ambamo vijana waliandaliwa kwa wajibu wa utu uzima. Katika mafunzo ya aina hiyo, kama ilivyokuwa katika jando na unyago wa jamii nyingi za Tanzania, nyimbo na mafumbo vilikuwa vyombo vya kufundishia, na kwa hiyo kufurahi na kufunzwa havikutenganishwa. Mwimbaji aliimba mbele ya watu waliomjua yeye na ukoo wake, watu hao hao wakamwitikia, na alipovuka mpaka, kesho yake aliulizwa na mjomba au shangazi. Hata maneno makali yalikuwa na mahali pake na umri wake, kwa sababu yaliyosemwa msituni hayakusemwa uani mbele ya watoto.

Hata hivyo, picha hiyo isimfanye msomaji aamini kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema, au kwamba lawama za leo ni mpya. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 ikiiga bendi za kijeshi na kusambaa hadi bara, ililalamikiwa na maofisa wa kikoloni, wamisionari na baadhi ya wazee kwa hoja zinazofanana sana na zile zinazotolewa leo dhidi ya muziki wa singeli. Huko Upare kwenyewe, wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig na Waadventista Wasabato, ambao walifika Giti katika Upare ya Kusini mwaka 1903, walizitilia shaka ngoma nyingi za wenyeji na kuwazuia waumini wao wasizicheze. Si kila kilichozuiwa kilikuwa kibaya, na si kila kilichopotea kilistahili kupotea.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba madhehebu hayo yaliyozuia ngoma yalileta kwaya, na kwaya ikarithi sehemu kubwa ya nidhamu iliyokuwapo kabla yake. Kwaya ya usharika au ya kanisa milimani hufanya mazoezi jioni kwa majuma mengi, hujifunza kuimba kwa sauti nne, humwita pembeni mwimbaji aliyechelewa au aliyekosa mwenendo, na hatimaye husimama ibadani au kwenye makambi, yaani mikutano ya ibada ya kila mwaka ya Waadventista, mbele ya watu wanaoweza kutofautisha sauti iliyopwaya na sauti iliyokaa sawa. Ubora huo hauletwi na fedha nyingi wala mitambo ya gharama, maana unatokana na uhusiano wa karibu kati ya anayeimba na anayesikiliza, ambamo kila mmoja anamdai mwenzake kitu.

Jinsi njia ilivyobadilika

Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, chombo kikuu cha burudani ya pamoja nchini kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ziliwapa wanamuziki ajira na vyombo, nazo zilirekodi nyimbo zao katika studio za redio hiyo, huku michezo kama Pwagu na Pwaguzi ikiwakusanya watu wa nyumba nzima mbele ya redio moja. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, kwa kuwa watu wachache waliamua kile ambacho mamilioni wangesikia, na watunzi wengi walizeeka bila kupata malipo yanayolingana na kazi zao. Pamoja na hayo, ulithibitisha kwamba burudani inaweza kupendwa na kuwa na manufaa kwa wakati mmoja. Mwaka 1993 redio hiyo ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye mhusika Mkwaju, dereva wa lori ambaye maisha yake ya starehe za njiani yanamfikisha kwenye UKIMWI. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia mchezo huo na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa katika miaka ya mwanzo, wakaona kwamba uliwasukuma wasikilizaji kubadili mienendo yao katika uzazi wa mpango na kujikinga na ugonjwa huo.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na kompyuta ziliposhusha gharama za kurekodi, mlango ulifunguka kwa vijana ambao hapo awali wasingefika studio. Muziki wa Bongo Fleva ukazaliwa, na baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 biashara ya filamu za Kiswahili ikakua haraka. Mafanikio hayo yalikuja na udhaifu wake: wasambazaji walinunua filamu kwa bei ya jumla, wakaigawa hadithi moja katika sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, na mtengenezaji, akijua kwamba kazi yake itadurufiwa na kuuzwa mitaani bila yeye kupata kitu, alipunguza siku za kuigiza na kurefusha maongezi ili kujaza muda. Mtazamaji aliyenunua nakala ya wizi kwa bei ya chini alichangia kuzaliwa kwa filamu mbovu iliyofuata, ingawa huenda hakulifikiria hilo.

Simu janja imeupeleka mchakato huo mbali zaidi. Mitandao ya video huongozwa na algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazochagua kitu cha kumwonyesha kila mtu kwa kuangalia kile alichokitazama kwa muda mrefu hapo kabla. Kijana aliyekaa kibarazani Hedaru au Makanya akishika simu, kila anaposita kwa sekunde chache juu ya video ya ugomvi, matusi au mauno ya kupita kiasi, kusita huko huhesabiwa kuwa ombi la kuletewa nyingine ya namna hiyo, na huwa ujumbe kwa mtengenezaji kwamba hicho ndicho kinacholipa. Kanuni hizo hazina uwezo wa kutambua kwamba mtu alisita kwa mshtuko au kwa aibu. Msomi wa Marekani Neil Postman alionya mwaka 1985, akiizungumzia televisheni, kwamba jamii inaweza kudhoofishwa na vitu inavyovipenda kuliko vile inavyoviogopa, na onyo hilo lina uzito mkubwa zaidi sasa ambapo kila mtu ana televisheni yake mfukoni.

Hata mpira wa miguu, ambao kwa kijana wa Same ni burudani ya kwanza, umeguswa. Mtu aliyeweka mkeka, yaani aliyebashiri matokeo ya mechi nyingi kwa mkupuo mmoja, hatazami tena ustadi wa mchezaji wala uzuri wa pasi, kwa kuwa macho yake yako kwenye matokeo na roho yake iko kwenye fedha. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini anayemwona mtoto amesimama mbele ya dubwi nje ya duka ni jirani, muda mrefu kabla ya mkaguzi kufika.

Mamlaka na mipaka yake

Tanzania haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaweka utaratibu wa kukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja ya umri, Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, na maudhui ya mtandaoni yamewekewa kanuni tangu mwaka 2018. Mwezi Novemba mwaka huo BASATA iliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na mwezi uliofuata, baada ya wasanii hao kuuimba jukwaani, ikawazuia kufanya maonyesho hadi adhabu hiyo ilipoondolewa baadaye. Tukio hilo lilionyesha nguvu ya mamlaka na pia mipaka yake, kwa sababu redio inaweza kuamriwa iache kuupiga wimbo, lakini wimbo uliokwisha kuhifadhiwa katika maelfu ya simu hauwezi kufuatwa nyumba kwa nyumba.

Aidha, udhibiti una hatari yake, kwani mkono unaofungia wimbo wa matusi unaweza pia kufungia wimbo unaomkosoa kiongozi, na jamii iliyozoea kuamuliwa hupoteza uwezo wa kupima. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inastahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa kuwa inamwekea mzazi mwenyewe wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya hatari za kimwili na za kimaadili, na papo hapo inatambua haki ya mtoto kushiriki michezo na shughuli njema za kitamaduni na sanaa. Kumnyang’anya mtoto simu bila kumpa ngoma, kitabu au kiwanja ni kuutimiza wajibu huo nusu tu.

Somo la ndiva

Katika bonde la Makanya, upande wa magharibi wa Upare ya Kusini, wakulima wametunza kwa vizazi vingi mabwawa madogo yaitwayo ndiva, yanayojengwa kwa udongo na mawe ili kukusanya maji usiku na kuyaachilia asubuhi yaende mashambani kwa zamu. Tope likijaa au mfereji ukiziba, huitishwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ambapo wanaotumia maji hutoka na majembe yao, na asiyefika huweza kutozwa faini. Hakuna anayesubiri serikali ije kuzoa tope, na hakuna anayedai kwamba jembe lake moja halina maana.

Burudani ni mali ya pamoja kwa namna hiyo hiyo. Msaragambo umelima barabara na kujenga madarasa katika milima hii, na hakuna sababu ya kuamini kwamba jamii yenye desturi hiyo haiwezi kuitumia kutunza yale ambayo watoto wake wanayasikia na kuyatazama. Mwenye kibanda cha video anaweza kutenga saa za watoto na kuwakatalia saa nyingine, hata kama atakosa kiingilio chao. Walimu wanaoandaa wanafunzi kwa mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA, ambayo yana nafasi ya ngoma na kwaya, wanaweza kuwaalika wazee wafundishe nyimbo za Kipare kabla hazijapotea. Mpenzi wa filamu anaweza kulipia kazi halali na kukataa ya wizi, na mwenye simu anaweza kuacha kusambaza video ya kumdhalilisha mtu, kwa kuwa kila anayesambaza amekuwa mtangazaji.

Uwezo mkubwa zaidi uko mikononi mwa wazaliwa wa Upare wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, ambao hurudi nyumbani mwezi Desemba na kugharamia harusi, kipaimara na sherehe za familia. Wao ndio wanaomlipa mshereheshaji na mpiga muziki, na kabla ya kulipa wanaweza kukaa naye na kukubaliana nyimbo zipi zipigwe watoto wakiwapo na zipi zisipigwe kabisa. Mazungumzo hayo hayahitaji sheria mpya wala bajeti, na familia chache zikiyafanya kwa misimu miwili au mitatu mfululizo, wapiga muziki wa Same watajifunza wateja wao wanataka nini, kama walivyojifunza hadi sasa kwamba wateja hao hawaulizi chochote.