Mbegu Inayosema "Nimelala"

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo nina hadithi ya mbegu moja nyeusi, ndogo kama ya papai, ngumu kama changarawe. Ni mbegu ya muwati wa dhahabu. Watoto wa Njombe wanawajua ndugu zake, ile miwati ya mkaa na nguzo, ambayo magome yake hutumika kutengenezea ngozi. Wote asili yao ni Australia.

Basi, mbegu yetu iko hukohuko Australia, uani kwa watu, katika mji wa Bendigo. Ukiimwagia maji baridi, inasema, "Nimelala." Ukiifukia udongoni, inasema, "Nimelala."

"Mjomba, mbona haiamki?"

Ehee! Hilo ndilo swali lenyewe. Haiamki kwa sababu imevaa koti, tena koti lisilopitisha hata tone la maji. Kule porini, koti hilo hupasuliwa na joto la moto wa msitu. Miti mikubwa imeungua, jua sasa linafika chini, nafasi ipo tele. Hapo ndipo mbegu inapoamka. Ina akili, au haina?

Watu hao wa Bendigo hawachomi msitu. Wanachemsha maji, wanaipua sufuria, wanazimwagia mbegu kwenye kikombe, kisha wanaziacha mpaka asubuhi.

"Hazitaiva kama maharage?"

Wangezichemsha jikoni, zingeiva. Lakini maji yaliyoipuliwa hupoa taratibu. Koti linalegea, mtoto aliye ndani anabaki salama. Asubuhi utaona zilizovimba. Hizo zifukie juujuu tu, kina cha unene wa penseli.

Mche ukitoka, utazame vizuri. Majani ya kwanza yamechanika kama ya kifauongo. Baadaye yanakoma kutoka! Vikonyo vyake vinabapa, vinajipinda kama mundu, na kufanya kazi ya majani mwaka mzima. Ukiuona mti mkubwa, unachokiita jani ni kikonyo. Mimi mwenyewe nilipoambiwa sikuamini.

Uhamishie mche penye jua, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Shimo liwe pana mara mbili ya chungu chake. Tandaza majani makavu kuuzunguka, ila yasiguse shina, lisije likaoza. Mwaka wa kwanza umwagilie vizuri, kisha siku kadhaa uache udongo ukauke. Ukishakomaa, hauombi maji mara kwa mara.

"Na mbolea, mjomba?"

Hapana! Hapo ndipo watu wenye huruma wanapouua. Kwenye mizizi yake kuna vinundu, na ndani ya vinundu wamo wapangaji wadogo sana, bakteria. Mti unawapa sukari. Wao wanachukua naitrojeni hewani na kuupikia chakula. Hata karanga na maharage yana wapangaji hao. Sasa nyumba yenye mpishi wake, wewe unaipelekea sufuria ya nini? Tena mbolea yenye fosforasi nyingi inaweza kuudhuru.

Agosti, baridi ya huko ikielekea kuisha, mti unajaa vimpira vya manjano, laini kama vifaranga. Kila kimpira ni maua madogo makumi kwa makumi. Tangu 1988 hilo ndilo ua la taifa la Australia, na Septemba 1 ni siku yake. Maua yakishapukutika, punguza ncha za matawi kidogo. Usikate mpaka kwenye sehemu ngumu ya zamani ya tawi, kwani hapo hauchipui kirahisi. Nao hauishi miaka mingi. Miti mingi haifikishi 30.

"Tuupande na sisi?"

Subiri kwanza. Ulipelekwa Afrika Kusini, ukasambaa ukawa kero. Ikabidi waletewe kijinyigu kutoka Australia kinachotaga mayai kwenye vichipukizi vya maua, ili vitoe uvimbe badala ya mbegu. Mgeni wa namna hiyo humkaribishi kabla ya kumuuliza bwana shamba.

"Na ile mbegu ya Bendigo?"

Kikombeni zilikuwa kumi na mbili. Asubuhi kumi na moja zilikuwa zimevimba. Yetu ilikuwa chini kabisa, ndogo vilevile, ngumu vilevile.

"Ikasemaje?"

Mnajua ilivyosema. Leo jioni sufuria inarudi jikoni.