Daktari Ajue Kuianza Morfini na Kuiacha

Kutoka Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hadi maduka ya dawa ya Kariakoo si mwendo mrefu. Lakini cheti anachokibeba mgonjwa njiani ni kitu kizito. Ikiwa kimeandikwa dawa ya jamii ya afyuni, mstari mmoja waweza kumpa usingizi aliokosa kwa wiki nzima, au kumtia katika utumwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaovuka bahari kutibiwa saratani katika Taasisi ya Ocean Road wanaijua thamani ya morfini ya kunywa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa maumivu ya saratani yatulizwe kwa ngazi, kuanzia dawa hafifu hadi morfini. Daktari anayeinyima kwa hofu hamlindi mgonjwa, anamtesa.

Hata hivyo, dawa hiyo ikitolewa bila hesabu hufifisha pumzi, na huweza kuua. Tena, mwili ukishaizoea, kuikata ghafla huleta mateso ambayo vijana wa mitaani waliozama katika heroini huyaita arosto. Kwa ajili ya vijana hao ilifunguliwa kliniki ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2015. Mgonjwa wa saratani hana kosa. Kwa nini naye aonjeshwe adhabu hiyo?

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Basi daktari aliye mafunzoni afundishwe yote mawili kando ya kitanda: aanze kwa dozi ndogo, aongeze dawa ya kulainisha choo, achunguze pumzi, aandike bayana idadi ya siku. Maumivu yakipoa, ashuke polepole. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 washauri kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au chini ya hapo, kwa aliyeitumia mwaka mzima au zaidi. Anayekaribia mauti asipunguziwe kwa kufuata kanuni tu.

Mgonjwa hurudi kisiwani na chupa yake. Akikuta daktari asiyejua kuiendeleza wala kuishusha, safari yake imekuwa bure. Kwa hiyo viongozi wa afya wa pande zote mbili za Muungano hawana budi kuhakikisha kuwa hakuna daktari anayehitimu kabla ya kupimwa katika elimu hii.