KUTENGENEZA PICHA KWA KOMPYUTA, NA KOSA LETU LA MADIBIRA

Ndugu wanachama,

Katika toleo lililopita tulipiga chapa picha ya mfereji wa maji wa Madibira, nayo picha ile ilileta maneno katika mkutano. Kwa hivyo leo twapenda kueleza mambo mawili kwa pamoja: namna mtu asiyejua kitu anavyoweza kujifunza kutengeneza picha kwa kompyuta, na namna sisi wenyewe, katika kujifunza huko, tulivyokosea. Picha yenyewe, kama ilivyotoka katika simu, mtaiona chini ya maelezo haya.

Mnakumbuka kwamba wajumbe wetu watatu walikwenda Bara kuwatembelea wakulima wa mpunga wa Madibira. Mahali hapo pamo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, lakini sisi tuliingilia upande wa Iringa, tukaiacha njia kuu pale Mafinga na kuteremka mpaka nchi tambarare ya Usangu. Maji ya mashamba yale yatoka Mto Ndembera, nayo hugawanywa kwa mifereji. Tulirudi na picha nyingi zilizopigwa kwa simu. Tulipozifungua ofisini tulisikitika. Nyingine zimepinda, hata maji yaonekana kama yapanda mlima. Nyingine nyuso za watu ni giza tupu chini ya kofia kwa sababu ya jua la saa sita. Na nyingine zina kidole cha mpigaji.

Programu tuliyoitumia kuzitengeneza yaitwa GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu mwaka 1996. Haiuzwi, kila mtu aruhusiwa kuichukua bure katika intaneti na kuwagawia wenziwe. Ile iliyo mashuhuri zaidi, Photoshop ya kampuni ya Adobe, ilianza kuuzwa mwaka 1990, na siku hizi hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa kazi zetu, hiyo ya bure yatosha.

Tulipoifungua mara ya kwanza tuliona vyombo vingi kama karakana ya seremala, tukadhani tumeingia pasipo petu. Lakini kazi ya kila siku yataka vyombo vichache tu, na ukikosea, washika kitufe cha Ctrl na kubonyeza Z, kosa likarudi nyuma. Kwa hivyo msiogope kugusa.

Kabla ya vyombo, yafaa kujua picha ni kitu gani. Ifikirini kama mkeka wa rangi. Kwa mbali waona mapambo. Ukisogea karibu waona ni vipande vya ukili. Vipande vya picha huitwa pikseli. Kila pikseli ina rangi moja tu, na kompyuta huiandika rangi hiyo kwa nambari tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja tangu 0 mpaka 255. Kutengeneza picha si kingine ila kubadilisha nambari hizo.

Sasa twaeleza hatua kwa mpango wake.

Kwanza, iwekeni picha ya asili. Fanyeni nakala, na kazi yote ifanywe juu ya nakala. Picha nyingi za simu huwekwa kwa namna iitwayo JPEG, ambayo hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa baadhi ya mambo yaliyomo katika picha, na kila ukiibadilisha na kuiweka tena kwa namna hiyo hutupwa mengine. GIMP ina namna yake, XCF, isiyotupa kitu. Fanyeni kazi kwa hiyo, kisha mwisho kabisa toeni JPEG mara moja tu.

Pili, inyosheni picha. Kipo chombo cha kupimia ambacho huvutwa mstari juu ya kitu kinachopaswa kulala sawa, kisha kompyuta huigeuza picha ifuate mstari ule. Katika picha zetu ukingo wa ng'ambo wa maji ndio uliokuwa pimamaji yetu.

Tatu, kateni yasiyohusika. Bonyezeni Shift na C, mchore mraba kuzunguka sehemu mnayoitaka. Ndivyo tulivyokiondoa kile kidole.

Nne, sawazisheni mwanga. Katika orodha ya "Colors" mna neno "Levels". Ukilifungua waona mchoro mfano wa vilima, na chini yake vigingi vitatu: cha giza, cha katikati na cha mwanga. Kigingi cha katikati kikisogezwa kushoto kidogo, nyuso zilizo chini ya kofia huanza kuonekana. Kisisukumwe mno, maana giza likilazimishwa kufunguka huota chembechembe. Na palipo 0 tupu hapana kitu cha kufunuliwa. Dawa yake ni kumwomba mtu avue kofia au asogee kivulini kabla ya kumpiga picha.

Tano, rekebisheni rangi. Ukipiga picha chini ya bati la buluu, kila kitu hutiwa ubuluu. Kwa hivyo wekeni karatasi nyeupe kando ya kitu mnachokipiga. Humo humo katika "Levels" mna alama ya kibomba cha kijivu. Gusisheni kibomba hicho juu ya karatasi, na rangi nyingine zote zitarudi karibu na hali yake.

Sita, angalieni ukubwa. Mpiga chapa hutaka nukta 300 katika kila inchi, basi picha ya upana wa sentimita 10 yataka pikseli kama 1,180. Picha ndogo haikuzwi ikawa safi, kwa kuwa kompyuta haiwezi kujua ambacho simu haikukiona. Na wanachama wanaotupelekea picha kwa WhatsApp tafadhali wazitume kama faili, si kama picha, maana zikitumwa kama picha hupunguzwa njiani.

Hapa twafika kwenye kosa letu. Tukiufurahia ujuzi huu mpya, tuliishika picha ya mfereji. Upande wa kushoto walikuwapo watu wawili wenye majembe, wamesimama majini mpaka magotini, na juu ya ukingo palikuwa na lundo la matope na magugu waliyoyaopoa. Tuliona lundo lile lachukiza macho. Tukawakata wale watu pembeni, kisha tukachukua chombo chenye alama ya muhuri, ambacho hunakili nyasi za mahali pamoja na kuzibandika mahali pengine, tukalifuta lundo lote. Picha ikawa nzuri kama ya kalenda, nasi tukaipeleka kupigwa chapa.

Mkutanoni tuliomba kila mwanachama atoe siku moja kwa mwezi tufyeke njia ya kuteremshia karafuu, kama tulivyowaona wenzetu wa Madibira wakiusafisha mfereji wao kwa mikono yao wenyewe. Mzee wetu mmoja akasimama na jarida mkononi, akasema, "Bwana Katibu, mfereji huu mbona safi na hapana mtu? Au maji ya huko yajisafisha yenyewe?" Watu wakacheka, na shauri likaahirishwa. Hatukuwa na jibu, kwa kuwa ushahidi tuliufuta sisi wenyewe.

Makosa ya namna hii yamewapata wakubwa kuliko sisi. Jarida la National Geographic la Marekani, katika toleo lake la Februari 1982, liliyasogeza mapiramidi ya Giza huko Misri yakaribiane ili picha ienee katika jalada. Wasomaji walipojua walilaumu, na kisa hicho mpaka leo hutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya kughushi picha.

Basi ofisini tumejiwekea kanuni. Ni halali kufanya lile linalomsaidia msomaji kuona alichokiona mpigaji: kunyosha, kusawazisha mwanga, kuirudisha rangi. Si halali kuondoa kilichokuwapo wala kutia kisichokuwapo. Hata katika kukata, ambako ni jambo dogo, lazima mtu ajiulize: je, kinachobaki nje ya mraba chabadilisha maana ya kilichomo? Kidole hakibadilishi, watu wawili wenye majembe wabadilisha kila kitu.

Sisi wakulima wa karafuu kanuni hii twaijua zamani. Kuchambua makonyo na kupepeta vumbi ni kazi ya mkulima mwema. Kuzirashia maji karafuu kavu ili zizidi uzito ni udanganyifu. Mkono ni ule ule, na jamvi ni lile lile. Kinachotofautiana ni nia, na mnunuzi mwisho hujua.

Wala jambo hili si la mapambo ya jarida tu. Mwanachama akituletea picha ya majani ya mkarafuu yaliyogeuka manjano ili tumpelekee bwana shamba, nasi tukayazidisha ukijani yapendeze, tutakuwa tumemficha tabibu ugonjwa, na mti utakufa. Kadhalika karafuu zilizo juamvini: rangi yake ndiyo inayosema kama zimekauka vyema au zimelala na unyevu. Picha ya namna hiyo isiguswe ila kwa karatasi nyeupe na kile kibomba, basi.

Kompyuta ya ofisi iko wazi kwa wanachama na vijana wao kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Asiyewahi kushika kompyuta asione haya. Miezi michache iliyopita nasi tulikuwa hivyo hivyo. Njoni na picha zenu mbaya, kwa sababu nzuri hazina la kufundisha. Na lile shauri la kufyeka njia tutalileta tena katika mkutano ujao, Inshallah, na safari hii tutakuja na picha ya asili, yenye lundo lake na watu wake wawili.

Wassalaam,
Katibu