Picha za Daftari la Wanachama na Matumizi ya Kiakisi Nuru



Mwaka jana, siku ya malipo ya pili ya kahawa, katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja jina, bibi mmoja alisimamishwa kwenye dirisha la mtunza fedha tangu asubuhi hadi alasiri. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, jina lake lilifanana na la mwanachama mwingine wa kitongoji hicho hicho, na picha iliyobandikwa daftarini ilionyesha kilemba cheupe na chini yake doa jeusi. Macho hayakuonekana, wala pua. Alilipwa baada ya mjumbe wa kamati kuitwa kutoka shambani aje kumtambua. Nami nina sehemu yangu ya lawama, maana daftari hilo nililikagua mwenyewe miezi michache kabla ya hapo. Nilihesabu picha, nikaona hakuna nafasi iliyo tupu, nikatia sahihi.

Nilipouliza picha zile zilipigwaje, niliambiwa kuwa zilipigwa saa sita mchana, mbele ya ghala, kwa simu ya katibu, kila mwanachama akiwa ameegemea ukuta uliopakwa chokaa. Katika jibu hilo mna makosa mawili.

La kwanza ni jua la utosini. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la adhuhuri husimama karibu wima juu ya kichwa. Nuru yake huangukia paji la uso na ncha ya pua, bali mashimo ya macho na sehemu ya chini ya kidevu hubaki gizani. Mtu anayetazama hasumbuki, kwa kuwa jicho hujirekebisha upesi. Kamera haina uwezo sawa na huo. La pili ni ukuta wenyewe. Kamera hupima nuru yote iliyo mbele yake, na ikikuta weupe mwingi huipunguza nuru inayoingia, hata uso mweusi ukazidi kuzama. Lawama isitupiwe ngozi zetu. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilisambaza katika maabara za picha kadi zenye sura za wanawake weupe ziwe kipimo cha rangi, na wenye sura nyingine waliachwa wapate watakachopata.

Dawa yake ni kiakisi, yaani kitu chochote cheupe au king’aavu kinachopokea nuru na kuirudisha pale penye giza. Kitu laini kama kioo huirudisha nuru kwa pembe ile ile iliyojia, mfano wa mpira unaodundishwa ukutani. Kitambaa cheupe kisichong’aa huitawanya kila upande, na kwa sababu hiyo nuru yake ni ya upole. Kwa picha za daftari, huo upole ndio tunaoutaka.

Mahali pazuri ni mlango wa ghala, asubuhi au alasiri, ilimradi jua lisiingie moja kwa moja. Mwanachama akae ndani, hatua moja kutoka mlangoni, bega moja likielekea nje. Upande mmoja wa uso wake utapata nuru, wa pili utakuwa na kivuli. Upande huo wa kivuli, karani wa mizani au kijana yeyote ashike shuka nyeupe iliyofungwa kwenye fremu ya fito, au karatasi ya manila, au mfuko mweupe wa mbolea uliooshwa na kugeuzwa ndani nje ili maandishi yasionekane. Asogee taratibu, nanyi mtazame shavu lenye giza. Akifika umbali wa urefu wa mkono mtaona shavu hilo linafunguka. Akirudi nyuma hatua chache tu, nuru hupungua upesi mno, na wengi hushindwa hapo, wakadhani kitambaa hakifai kumbe kimesimama mbali. Yatazameni macho: mkiona kijidoa cheupe ndani ya mboni, nuru imefika.

Kiakisi kishikwe usawa wa kifua na uso. Kikiwekwa chini magotini, nuru hupanda puani na mwanachama huonekana kama mzimu. Rangi nayo huambukiza: khanga nyekundu hupaka uso wekundu, na ukuta wa kijani humfanya mzima aonekane mgonjwa. Bati jipya lina nguvu kupita kiasi, kwani humfanya mtu afumbe macho, na picha ya macho yaliyofumba haina faida kwa mtunza fedha. Wanachama wenye ualbino wasimulikiwe kabisa kwa kitu king’aavu, kwa kuwa macho yao huumizwa na nuru kali; kivuli na kitambaa cheupe vyatosha. Kofia zivuliwe. Kabla ya kupiga, mpigaji aguse uso wa mwanachama kwenye kioo cha simu, ili kamera nyingi za siku hizi zipime nuru ya uso badala ya ukuta.

Kwa picha ya mkutano mkuu, shuka haitawafikia watu wa safu za nyuma. Wapelekeni wote kwenye kivuli cha mti mkubwa na kiakisi kibaki ofisini.

Katibu mmoja aliniletea maombi ya fedha za kununua vifaa vya studio. Niliyarudisha, kwani shuka ilikuwa tayari nyumbani kwake.

Katika ukaguzi ujao nitafungua daftari nione macho ya kila mwanachama. Naomba picha zenye giza zibadilishwe kabla ya malipo yanayofuata, mkianza na wazee na wale wanaofanana majina. Bibi yule ameshapigwa picha upya, mlangoni pa ghala, nami ndiye niliyeshika shuka.