Gome la Mukutan na Minyoo ya Kondoo

Katika nchi kavu ya Wasamburu, kaskazini ya Kenya, huota mti usio mkubwa, wenye maua meupe ya nyuzinyuzi kama manyoya ya kifaranga. Wenyeji huuita mukutan. Wataalamu wa mimea wameuita kwa Kilatini Albizia anthelmintica, na neno la pili maana yake ni “wa kuondoa minyoo”. Basi hata jina latangaza kazi yake. Gome lake hutwangwa, likatiwa majini, na maji yale hunyweshwa kondoo na mbuzi.

Katika minyoo ya tumboni mmoja ni mbaya kupita wote. Ni mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita 2 au 3, naye hukaa katika tumbo la nne la kondoo akinyonya damu. Jike hutaga mayai maelfu kila siku, nayo hutoka pamoja na mavi na kuanguka malishoni. Kondoo aliyeshikwa sana, ukimfunua ukope utaona ndani pamekuwa peupe. Huvimba chini ya taya, kisha hufa.

Sasa, twawezaje kujua kama dawa yafaa? Mfugaji atasema, “Nilimnywesha, akapona.” Neno hilo halitoshi. Pengine mvua ilinyesha, majani yakawa mengi, na mnyama akapata nguvu kwa chakula tu. Kwa hiyo wachunguzi hugawa kondoo mafungu: moja hupewa gome, jingine dawa ya dukani, na jingine halipewi kitu. Kisha huchukua mavi ya kila kondoo na kuhesabu mayai yaliyomo kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Kazi hii haina harufu nzuri, lakini mayai hayampendelei mtu.

Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2003 haukuona kwamba mukutan humshinda mnyoo yule. Mwaka 2004 wengine wakatangaza habari za kondoo wa Samburu kwenyewe, nao waliona mayai yamepungua sana. Je, nani mwongo? Si lazima awepo. Kondoo wa kwanza walitiwa minyoo ya namna moja kwa makusudi; wa pili waliipata malishoni, ya namna nyingi pamoja. Tena gome si kidonge. Huenda nguvu yake si sawa kwa kila mti, na mzee mmoja hupima konzi moja, mwenziwe mbili.

Wala jambo hili si la mchezo, kwa maana mahali pengi minyoo imekwisha kuzizoea dawa za dukani, haifi tena. Mwenye kutegemea gome lisilofaa atapoteza kundi. Mwenye kulidharau lifaalo atapoteza vilevile. Ndiyo sababu katika majaribio ya Uganda, yaliyotangazwa mwaka 2008, kondoo walipewa vipimo mbalimbali vya gome hilo hilo, ili ijulikane ni kiasi gani kinachotosha.